Kupulizia bendi ya chuo kwa malipo, hapa Moshi: pesa inaingia, ila ulizeni habari ya mazoezi

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Naanza na hilo ili mwenye haraka aende zake.

Ninachokipima ni kibarua cha kupuliza kwenye bendi ya chuo kimoja cha hapa Moshi. Chuo chenyewe sikitaji kwa sababu bado nakula pale, na kwa sababu nina mawili matatu ambayo mhasibu wao hatayafurahia. Wanafunzi wao wanapuliza bure, wanapewa cheti na fulana. Sisi wa nje tunaitwa kuziba pengo, hasa kwenye vyombo vizito ambavyo wanafunzi hawavitaki: yufoniamu (ndugu mdogo wa tyuba), tyuba, tromboni, pamoja na mtu wa ngoma kubwa mwenye mkono usioyumba. Kila kijana anataka tarumbeta. Tyuba inabaki kona imeegemezwa ukutani kama mgeni asiyejulikana kaja na nani, basi wanamtafuta mtu wa kumlipa aibebe.

Malipo ni kwa shughuli. Mechi Sh20,000. Mahafali Sh45,000. Mapokezi ya mgeni siku ya kawaida ni Sh15,000 na soda.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu jirani na soko la Mbuyuni, na yufoniamu nimeanza kuipuliza nikiwa shule ya msingi, kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu huko Old Moshi. Mnisome mkijua hivyo: ada za watoto zinatoka kwenye cherehani, hazitoki mdomoni. Kijana anayetaka bendi imlishe atatoa nyota tofauti na zangu, na atakuwa na haki.

Kabla ya chuo nilikuwa wa harusini. Biashara hiyo mnaijua. Mnapandishwa nyuma ya pikapu, mnauzunguka Mnara wa Saa na msafara wote unapiga honi, mnapuliza kuanzia mlango wa kanisa hadi mlango wa ukumbi, halafu usiku mkubwa mnamtafuta mweka hazina wa kamati, kumbe keshaondoka na simu kaizima. Asubuhi anapokea, anasema bajeti ilizidiwa na vinywaji. Na hicho kidogo kikipatikana kinapitia kwa kiongozi wa kikundi, ambaye ana hesabu zake za mafuta ya gari ambalo hatukulipanda.

Chuoni pesa inaingia kwenye simu yako wewe, kwa jina lako, na hakuna wa kukukata ya kiongozi. Siyo siku ile ile, asikudanganye mtu, ila kwa kawaida wiki haiishi. Mara moja malipo ya mahafali yalichelewa mpaka watu wakaanza kupigiana simu usiku. Tuliambiwa mwenye kusaini yuko Dodoma kikazi. Mhasibu akawa wimbo wake ni “wiki hii, wiki hii”. Basi mwalimu wetu wa bendi akaenda akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake na gazeti. Hakudai, hakugomba. Alisoma gazeti lote, na matangazo ya vifo akayasoma, akalikunja, akaanza tena mwanzo. Jioni simu zetu zikalia.

Huyo mwalimu ndiye nyota moja nzima kati ya zile nilizotoa, na ngoja niwaeleze kwa nini, maana hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya nalo. Karatasi za nota.

Sisi wa usharika tulifundishwa kwa njia ya Kijerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kanisa letu limebaki na udugu na watu wa kule hadi leo, vitabu vya tarumbeta navyo vikaja kwa njia hiyo. Kwenye vitabu hivyo nota inaandikwa kama inavyosikika. Ikiandikwa C, chombo chako kinatakiwa kitoe C ile ile ya kinanda, haijalishi umeshika tarumbeta au tyuba. Mchungaji Johannes Kuhlo ndiye aliyeupigania sana mtindo huo kule Ujerumani, na faida yake ni kwamba watu wa tarumbeta wanaweza kufungua kitabu kile kile cha kwaya wakapuliza pamoja na waimbaji bila mtu kuandika upya chochote.

Mwalimu wa chuo ni afande mstaafu wa brasi bendi ya polisi, na bendi hizo zililelewa Kiingereza. Kwa Waingereza tarumbeta inasoma C lakini inatoa B flati, yaani toni moja chini. Na yufoniamu, ambayo mimi nimezoea kuisoma kwenye ufunguo wa F (ule wa sauti za chini), kwao inaandikwa kwenye ufunguo wa G (ule wa sauti za juu), vidole vile vile vya tarumbeta. Matokeo yake ni haya: C ya chini kwangu ni valvu (vile vitufe vya kubonyeza) ya kwanza na ya tatu. Kwa afande C hiyo haina kidole hata kimoja, unapuliza tu.

Jioni ya kwanza tulianza na Wimbo wa Taifa. Nilipoiona karatasi yangu nikaiweka yufoniamu mapajani nikasema kwanza nisikilize. Vijana wawili wa tarumbeta, wote watoto wa kanisani kama mimi, hawakusita. Wakapuliza kilichoandikwa kama walivyofundishwa na baba zao, juu ya wenzao kwa toni moja nzima, kwa ujasiri mkubwa. Afande akanyoosha mkono, bendi ikanyamaza.

“Nani hao wanaopiga wimbo wa nchi jirani?”

Ukumbi ulicheka, vijana wakaona haya. Mimi nikamwambia, “Shikamoo afande, hao hawajakosea, wamesoma Kijerumani.” Akaniangalia, akaja akaitazama karatasi yangu, akaniuliza nimetoka usharika gani. Nilipomwambia akatikisa kichwa, akasema basi tupo wengi wa namna hiyo na yeye hawezi kutubadilisha vidole uzeeni.

Zoezi lililofuata alikuja na bahasha. Alikuwa ametuandikia upya sehemu zetu zote kwa mkono, kwenye karatasi za daftari, mistari mitano mitano ameipiga kwa rula na biro ya bluu, nota kwa biro nyeusi. Pale penye mapumziko marefu ameandika pembeni “pumueni”. Karatasi yangu ya Wimbo wa Taifa ninayo hadi leo, imeshakatika kwenye mkunjo na nimeishika kwa gundi ya karatasi. Chuo hakikumlipa kwa kazi hiyo, nilimuuliza.

Sasa mechi, maana ndizo zilizoniingiza kwenye kibarua hiki. Chuo kiliamua kuwa na bendi kwenye mpira wa kikapu baada ya mkuu wao wa michezo kuona ya Marekani. Kule vyuo vina bendi ndogo za kushangilia, zinakaa jirani na uwanja, zinapuliza mpira ukisimama na kunyamaza ukianza. Malipo kwao ni mchanganyiko: kuna vyuo vinavyotoa posho kwa kila mechi, kuna vinavyohesabu bendi kama somo la kupata maksi, na kuna ambako mtoto anaambulia safari na chakula. Kwenye mashindano yao makubwa ya mwezi Machi, NCAA, chama chao cha michezo ya vyuo, inaruhusu wanamuziki 29 kwa timu, na mwalimu wao juu yake, basi. Mwaka 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Yale ilikwenda kucheza Spokane, upande wa magharibi kabisa, bendi yake haikuweza kusafiri, ikaazimwa bendi ya Chuo Kikuu cha Idaho. Watu wa Idaho wakavaa fulana za Yale, wakajifunza wimbo wa Yale haraka haraka, wakashangilia kana kwamba wamesoma pale. Yale wakawafunga Auburn 78 kwa 76.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu mezani hadi mteja akaniuliza kuna nini. Ndiyo maisha yetu. Kwenye bonanza moja wageni walifika bila hata ngoma, uwanja mzima uko kimya wakifunga. Afande hakuipenda hali hiyo, akatuchomoa watu wanne wa nje, akatupeleka upande wao. Tukawapulizia. Wanafunzi wa chuo kinachotulipa wakaanza kutuzomea, na binti mmoja wa filimbi akanifuata wakati wa mapumziko.

“Mama, kwani wewe ni wa wapi?”

“Wa Mbuyuni.”

Akabaki hana la kusema. Malipo yalikuwa yale yale, Sh20,000, na nawapa maksi kwa hilo.

Kazi ya mechi ni ngumu kuliko inavyoonekana ukiwa jukwaani. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazochezea huku, taimauti ni dakika moja na kati ya robo na robo ni dakika mbili. Harusini tumezoea kuzungusha wimbo mmoja mpaka bibi harusi achoke kucheza. Hapa unaanza pale pale kwenye kiitikio, na afande akifunga ngumi unakata hata kama ulikuwa katikati ya pumzi. Halafu unakaa dakika kadhaa huna unachofanya, midomo inapoa, na ghafla unatakiwa utoe nota ya juu bila kupasha. Wa tarumbeta ndio wanaoumia zaidi. Mapumziko marefu ya katikati ni dakika 15 na hapo ndipo mnapopiga kitu kizima, wanafunzi wanaingia uwanjani kucheza, na kusema kweli hapo huwa naona ningekuja hata kwa Sh15,000. Msimwambie mhasibu.

Sare. Hapa mnivumilie, naongea kama fundi.

Koti ni jekundu, lina shada za dhahabu mabegani na vifungo vya shaba. Kwa mbali linapendeza, kwenye picha za mahafali linapendeza zaidi. Lipindue. Bitana ni nailoni ile ya mwavuli, haipitishi hewa hata kidogo, na imeshonwa kwa mshono mrefu wa mashine unaofumuka ukikamata uzi mmoja. Shada hazikushonwa, zimebandikwa kwa gundi, na jua la Desemba likiipata ile gundi inaanza kulainika: kwenye mahafali yaliyopita kijana wa sinea (ile ngoma ndogo) alimaliza gwaride bega moja likiwa na dhahabu na jingine likiwa na alama ya gundi. Mabega yamekatwa ya kiume tupu. Mwanamke akilivaa, kwapa linambana pale pale anapotakiwa anyanyue chombo, na kifuani linavuta mpaka kifungo cha pili kinakaa upande. La kwangu nimelifumua lote, nimeongeza paneli mbili pembeni, nimebadilisha bitana nikaweka pamba, shada nimezishona kwa uzi wa viatu. Akina dada wengine watatu wameniomba, nimewafanyia kwa bei ya ndugu. Nilipokwenda ofisini kuuliza kama chuo kingenipa makoti yote niyarekebishe, nikaambiwa niandike zabuni. Sawa.

Kutunzwa nako kuna utaratibu wake pale, na umezua maneno mengi. Siku ya mahafali wazazi wakishuka kwenye mabasi na mtoto wao kavaa joho, huwezi kuwazuia. Shangazi anakuja anacheza, noti mkononi, anaipachika kwenye tarumbeta au kwenye paji la uso la kijana. Harusini hiyo ni ya aliyetunzwa. Chuoni kuna kikapu. Noti zote zinaingia kikapuni, zinahesabiwa mbele ya watu wawili, zinagawanywa sawasawa kwa wote, wa nje na wanafunzi. Wapiga tarumbeta wanalalamika kila mwaka kwamba wao ndio wanaotafuta halafu wanakula na waliokaa nyuma. Mimi ni wa nyuma. Yufoniamu haitunzwi na mtu, shangazi hata haioni, kazi yake ni kushika katikati ili tarumbeta isikike tamu. Kwa hiyo nitasema wazi kwamba kikapu ni haki tupu na msimamo wangu hauna uhusiano wowote na pesa.

Kero yenyewe sasa. Mazoezi hayalipwi.

Kwenye karatasi tuliyosaini imeandikwa “malipo kwa shughuli”, na shughuli ni siku watu wanapokuja kuangalia. Wiki za kuelekea mahafali mnaitwa jioni baada ya jioni, na mahafali ya vyuo vingi yanaangukia mwishoni mwa mwaka, wakati ule ule ambao mimi nina foleni ya nguo za Krismasi na vitambaa vya kipaimara. Kila jioni nikienda, meza imefungwa. Daladala hainisaidii: konda akiuona mkoba wa yufoniamu anadai nauli ya watu wawili au anasema gari limejaa, basi ni bodaboda kwenda na kurudi, dereva anaendesha huku mkoba umenikalia mgongoni. Ukiondoa nauli hizo kwenye zile Sh45,000, kinachobaki hakilingani kabisa na kile alichokiona ndugu yako akakwambia “una bahati, unalipwa kwa kupuliza”.

Na ukija siku yenyewe, kusubiri. Ratiba inasema bendi iwe imepanga mstari saa moja asubuhi. Mgeni rasmi anafika saa nne, saa tano. Muda wote huo uko juani na lile koti. Wenye vyombo mnajua kinachofuata: hewa ndani ya bomba inapata joto, sauti inapanda. Wanafunzi wamepangwa chini ya turubai, sisi wa vyombo vizito tuko nje kwa sababu turubai halikutosha, basi magari yanapoingia getini na afande anainua fimbo, nusu ya bendi iko juu na nusu iko chini. Unavuta bomba la kurekebishia mpaka unaogopa litadondoka. Tumeshaomba turubai la pili. Tumejibiwa vizuri sana, kwa maneno.

Wangelipa hata nauli ya mazoezi, nusu nyota ingeongezeka hapo hapo. Wangelipa mazoezi yenyewe kwa Sh5,000 ya jioni, ningefikisha nne na nusu na kuwaletea wapulizaji wengine kutoka usharikani.

Mengine kwa haraka. Chakula ni kizuri: wali, maharage, nyama ya kueleweka, na mnakula kabla ya wageni hawajamaliza vyote. Maji yapo. Vyombo vya chuo vina hali ya huzuni. Yufoniamu yao ina bonde ubavuni, valvu ya pili inanata, na mtu fulani aliwahi kuinywesha mafuta ya kupikia. Mimi naweka mafuta ya cherehani, yanasaidia siku hiyo ila yakikutana na vumbi yanakuwa uji, kwa hiyo kila baada ya shughuli nazitoa valvu nazifuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Mkiweza nunueni mafuta yenyewe ya valvu. Na njooni na mausipisi zenu, vile vipande vya kuwekea mdomo; za pale zimepita kwenye midomo mingi na sijawahi kuona mtu akizichemsha.

Kama lengo lako ni kujifunza muziki, hapa siyo mahali pake. Afande anafundisha unachohitaji kwa shughuli ya Jumamosi na hana muda wa zaidi. Makumira, kule Usa River, wanafundisha muziki hadi shahada, nenda kaulize. Hapa wanatafuta mtu anayepuliza tayari, anayewahi, na asiyeringa akipewa chombo kikubwa. Wenye tarumbeta wamejaa. Tyuba na tromboni wanachukuliwa hata leo.

Wanapokea watu wapya kila mwaka wa masomo ukianza, na usaili ni kupuliza mbele ya afande, skeli moja na wimbo mmoja unaoujua mwenyewe. Kabla hujasaini muulize mhasibu, afande yupo anasikia, habari ya nauli ya mazoezi. Wakiulizwa na wengi labda wataandika. Na ukifika getini mwambie mlinzi unakwenda bendi. Ukisema “nimekuja kwa ajili ya chuo” atakupanga kwenye foleni ya kulipia ada, na ile foleni haitoki.